Uchaguzi wa Chombo cha Kuchorea Maumbo ya Hisabati



Yeyote aliyepata kusimama ufukweni Matema, hapa Kyela kando ya Ziwa Nyasa, akaielekea milima ya Livingstone ameona kwa macho yake umbo ambalo wanajiolojia hulieleza kwa mistari michache: upande wa mashariki nchi imekatika kwa ufa mkubwa, ikateremka kwa ukali hadi chini ya maji, ilhali upande wa pili ardhi yapanda taratibu kupitia tambarare ya mpunga. Mwalimu atakaye kuutia mkato wa umbo hilo kitabuni, ili wanafunzi wakokotoe mwinamo wake, hana budi kuchagua programu ya kuuchora, na aghalabu huchagua ile iliyo karibu na mkono wake.

Donald Knuth, alipochukizwa na sura ya chapa mpya ya kitabu chake, alianza mwaka 1977 kuunda TeX, programu ya kupanga matini, na juu yake Leslie Lamport akajenga LaTeX, ambayo wanahisabati wengi huandikia hata leo. Lakini TeX ilikuwa hodari wa kupanga herufi kuliko kuchora, na pengo hilo wakalijaza wengine: John Hobby kwa MetaPost, Till Tantau kwa TikZ. Chukueni Mto Songwe, unaotutenga na Malawi. Kwa kanuni aliyoitangaza Hobby mwaka 1986, mchoraji hutaja nukta chache tu mto unapopita, na programu hutafuta yenyewe mkunjo laini wa kuziunga zote. Na mto ukihama mkondo, kama ilivyo desturi yake, hubadilishwa nukta zilizohusika, mchoro uliobaki usiguswe.

GeoGebra, programu ya kuchorea aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001, naipenda mno darasani, kwani kipeo cha pembetatu kikivutwa, pembe hubadilika papo hapo, na mtoto hufahamu jambo ambalo ubao ungelieleza kwa saa nzima. Taksiri huingia wakati wa kuchapa. Wengi wetu walimu hupiga picha ya kioo cha kompyuta, wakaibandika katika matini. Picha hiyo, kwa kuwa ni vijinukta vitupu, ikikuzwa au kupitishwa katika mashine ya fotokopi huota meno, na herufi iliyomo ndani yake haifanani na ile iliyo katika ibara inayoieleza, hata msomaji akashuku kuwa ni vitu viwili. Nasi twailaumu mashine! GeoGebra yenyewe yaweza kuutoa mchoro kwa lugha ya TikZ, ingawa maandishi yatokayo huwa marefu, yenye desimali tele, na yahitaji kusafishwa kwa mkono.

Rai yangu ni kwamba mchoro wa kudumu uandikwe kwa maneno, ndani ya faili ndogo ambayo mwalimu mwingine ataweza kuifungua na kuisahihisha baada ya miaka mingi. Gharama yake siifichi: mwongozo wa TikZ umepita kurasa 1,000, na anayeuanza usiku wa kuamkia mtihani amejidhulumu. Mkato wa ziwa letu, basi, ningeujaribu kwanza katika GeoGebra, kisha nikauandika upya kwa TikZ. Bali sakafu nzima ya ziwa, yenye urefu, upana na kina, ningeikabidhi programu ya Asymptote, iliyoumbwa kwa hesabu za namna hiyo.