Oili ya Lori Yetu Ilikokuwa Ikienda

Leo tuko hapa Kiogoro. Tumeombwa tueleze habari ya lori ya kikundi chetu, hasa ile habari ya oili, maana wengi wenu mlisikia upande mmoja tu.

Lori yetu ni Isuzu ya dizeli, silinda nne. Tuliinunua ikiwa imetumika. Inabeba ndizi kutoka huku hadi Nairobi kupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok, na inarudi na bidhaa za maduka. Mwanzoni mambo yalikuwa sawa. Halafu dereva akaanza kuomba pesa ya oili. Leo lita moja, safari ijayo lita moja na nusu. Tukachungulia chini ya gari ikiwa imeegeshwa, hakuna hata tone. Basi kamati ikakaa na kuamua, bila hata kuinua kebini, kwamba kijana anaiuza oili njiani. Tukamwachisha kazi.

Dereva wa pili naye hakumaliza mwezi kabla ya kuomba oili. Safari moja, akipanda ule mlima wa Mai Mahiu na mzigo, akaona moshi unatoka chini ya kebini. Akasimama na kuangalia. Oili ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye kile kifuniko cha juu ya injini, mafundi wanakiita tapeti kava, inadondokea bomba la moshi lenye moto na kuungua pale pale. Ndiyo sababu chini hatukuona kitu. Mkumbuke pia kwamba oili ikianguka kwenye bomba la moshi inaweza kuwasha gari lote, ndizi na watu pamoja.

Tulimwita fundi. Huyo hakubadilisha gasketi. Aliijaza silikoni kila upande, akakaza bolti kwa spana ndefu mpaka zikalia. Kuna mafundi wanapenda silikoni kama vile watu wetu wanavyopenda sukari kwa chai. Ilishika majuma mawili. Tukalipa tena, safari hii gasketi mpya, na silikoni tena juu yake. Ikavuja tena.

Fundi wa tatu alikuwa mzee. Yeye hakugusa spana kwanza. Alimwambia dereva awashe injini, iende polepole, kisha akalegeza kifuniko cha kujazia oili akiwa amesimama mbali kidogo, kwa sababu oili ya moto inaweza kuruka. Moshi ukatoka kwa nguvu, puu, puu, puu. Akatuuliza: "Hii injini yenu inapumulia wapi?" Hakuna aliyejua.

Akatueleza hivi. Kila injini, hata mpya, kuna hewa ya moto kidogo inayopita kando ya ringi za pistoni na kushuka kule chini kwa oili. Hewa hiyo lazima itoke, na imewekewa bomba lake. Bomba likiziba, hewa inatafuta mahali palipo dhaifu, na hapo mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava. Gari likipanda mlima na mzigo, hewa inakuwa nyingi zaidi, inasukuma oili nje. Alipolitoa bomba letu, ndani mlikuwa na tope jeusi gumu, hata kijiti hakikupita. Kwa hiyo tulikuwa tumelipa mara mbili kuziba mdomo wa mtu ambaye pua yake imezibwa.

Alilisafisha, kisha akarudisha kila kitu upya, na hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu kazi yenyewe si kubwa. Injini iwe baridi. Kwanza alipangusa vumbi na matope pande zote kabla ya kufungua, ili uchafu usiangukie valvu. Ndani alikuta nyuzi za silikoni zinaning'inia. Ile silikoni inayofinywa ndani hukatika, huenda na oili mpaka sampu na kuziba chujio. Injini ikikosa oili, hiyo ni kununua injini nyingine. Akafungua sampu, na vipande viwili vilikuwa pale pale kwenye chujio.

Alikwangua gasketi ya zamani polepole bila kukwaruza hedi, huku matundu yamefunikwa kitambaa safi. Alikilaza kifuniko juu ya kioo kuona kama kimepinda. Kilikuwa kimepinda kidogo, kazi ya ile spana ndefu, naye akakinyoosha. Kikipinda sana ni kununua kingine. Mahali pa gasketi aliparudisha pakavu kabisa, bila oili. Gasketi ya mpira aliikalisha kwenye mfereji wake bila kuipaka kitu, silikoni akaweka tone tu kwenye kona na pale penye plagi ya nusu mwezi. Bolti alianzia katikati akaenda nje kwa kupokezana, mara mbili, akitumia spana fupi. Bolti hizo ni ndogo. Ukizikaza kwa hasira unakata nyuzi za hedi. Kisha akakataa kuwasha gari mpaka silikoni ikauke kama pakiti yake inavyosema. Mweka hazina alinung'unika, maana ndizi zilikuwa zinaiva.

Tangu hapo gasketi haijavuja. Mzee alituonya kwamba kama moshi ungeendelea kutoka kwa nguvu hata baada ya kusafisha bomba, basi ringi zimekwisha, na gasketi ya aina gani haingetusaidia. Wetu ulipungua ukabaki kidogo.

Sasa ile habari ya dereva wa kwanza. Tulikwenda kwao watu watatu, pamoja na mwenyekiti. Mama yake alitukaribisha, lakini kijana alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Niliwaambia mwinue kebini." Ni kweli alituambia. Iko hata kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa mwandiko wetu wenyewe. Tulimlipa mshahara aliokuwa anatudai na tukamwomba arudi. Alipokea pesa. Kurudi hakukubali, anaendesha lori ya watu wengine sasa.

Siku hizi tuna daftari. Dereva na mwanachama mmoja wanapima oili pamoja kabla ya safari na baada yake, wote wawili wanatia sahihi, na kila oili inapobadilishwa bomba la kupumulia linafunguliwa na kuangaliwa. Daftari tumelileta, pamoja na ile gasketi ya zamani na vile vipande vya silikoni. Viko pale mezani karibu na chai.