Mzabibu katika Nchi Kame



Afikaye Dodoma wakati wa kiangazi huona vumbi, miiba na mibuyu iliyopukutika majani. Lakini tukitoka mjini kwenda Bihawana, Hombolo au Makutupora, twakuta mashamba ya mizabibu. Wamisionari kutoka Italia waliipanda katika karne ya 20, wakihitaji divai ya Misa. Leo ni zao la Wagogo na majirani zao. Kule Bordeaux, mji wa Ufaransa uliosifika kwa divai, mkulima huvuna mara 1 kwa mwaka. Hapa kwetu, kwa jua na kwa kupogoa vema, huvuna mara 2.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 15, Yesu anatufundisha kwamba Baba hulisafisha tawi ili lizidi kuzaa. Mkulima wa Hombolo, mwenye mkasi mkononi, halioni hilo kuwa fumbo. Lakini ajua pia uchungu mwingine: zabibu zilizoiva hazingoji. Mnunuzi asipokuja, huoza. Akichelewa, hutaja bei aitakayo, na mwenye shamba hana nguvu ya kukataa.

Ndugu zangu, divai tunayoitoa altareni imeanzia mikononi mwa mtu kama huyo. Mtume Yakobo, sura ya 5, aonya kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa humlilia Mungu. Basi tununuao tulipe kwa haki, na kwa wakati. Nasi tulimao tuungane katika ushirika, tusiuze mmoja mmoja kwa unyonge. Hayo nayo ni matunda ambayo Bwana anayatazamia kwetu. Amina.