Manemane na Dinari 2 za Msamaria

Masomo: Kutoka 30:22-33, Luka 10:30-37



Leo tuzungumze juu ya manemane, kwa maana kati yetu sisi wa Kasungami wako wanaoweka tumaini lote katika kichupa cha mafuta.

Manemane ni utomvu wa mti mdogo wenye miiba, unaoota katika nchi kavu kama Somalia na Ethiopia. Watu wanachanja ganda la mti, utomvu unatoka, unakauka na kuwa kama vijiwe vyekundu. Ukipikwa kwa mvuke, unatoa mafuta yenye harufu nzuri, lakini ladha yake ni chungu.

Watu wa zamani waliyajua matumizi yake. Esta na wasichana wenzake walipakwa mafuta hayo miezi 6. Nikodemo alileta manemane na udi, kadiri ya ratli 100, kwa maziko ya Bwana. Hata leo wako wanaosukutua manemane kwa vidonda vya kinywa. Lakini mama mwenye mimba asiinywe, inaweza kumdhuru.

Na upako je? Mungu alimwagiza Musa atie manemane shekeli 500, pamoja na viungo vingine na mafuta ya zeituni. Tena akakataza watu wasitengeneze mfano wake kwa matumizi yao. Basi sisi tumepata wapi ruhusa ya kuuza upako kwa makuta?

Tunawapaka wagonjwa mafuta na kuwaombea, kama Yakobo alivyofundisha, wala hatutaacha. Lakini tumtazame Msamaria. Alimimina mafuta na divai katika vidonda. Je, aliishia hapo? Hapana! Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza, akatoa dinari 2, na kuahidi kulipa zaidi. Mafuta yalikuwa mwanzo wa huruma, si mwisho wake.

Kwa hiyo, mtoto akishikwa na homa usiku, tumwombee, tumpake mafuta, na papo hapo tumbebe mgongoni tumpeleke kwa munganga. Malaria haingoji tumalize siku 3 za kufunga. Na kama jirani hana makuta ya kupima damu, hapo ndipo kanisa litoe dinari zake 2.

Mungu atupe mikono yenye mafuta na miguu yenye haraka. Amina.