Mazungumzo ya Afya: Bakteria wa Utumboni na Matumizi ya Antibiotiki



Jina la bakteria limezoeleka kutajwa pamoja na maradhi. Ni kweli kwamba wapo waletao kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Hata hivyo, walio wengi kati ya wanaoishi mwilini mwa binadamu hawamdhuru, na baadhi yao humtumikia usiku na mchana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonesha kuwa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, takriban wote wakiwa katika utumbo mpana.

Kazi yao ni kubwa. Binadamu peke yake hawezi kusaga nyuzinyuzi zilizomo katika kunde, mbaazi, mboga za majani, matunda na nafaka isiyokobolewa. Nyuzinyuzi hizo hufika katika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachua na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Aidha, hutengeneza vitamini K, na kwa kuijaza nafasi iliyopo huwanyima wadudu wa maradhi mahali pa kuzaliana. Hata maziwa ya mama yana aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga; hiyo ni riziki ya bakteria wema waliomo tumboni mwake.

Antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, zimeokoa watu wasiohesabika tangu penisilini ilipogunduliwa mwaka 1928. Lakini dawa hizo huua rafiki pamoja na adui. Baadhi ya wagonjwa huharisha kwa sababu ya dawa yenyewe. Wengine hushambuliwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hustawi wenzake wakishafyekwa, na aweza kuua. Isitoshe, kila dawa inapotumiwa ovyo, bakteria wanaosalia huzidi kuwa sugu, na siku dawa itakapohitajika kweli haitafaa kitu.

Kwa hiyo, tabia ya kununua vidonge viwili vitatu dukani kila tumbo linapochafuka haina budi kuachwa. Sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto huletwa na virusi, ambavyo havidhuriki kwa antibiotiki. Kinachomuua mtoto mara nyingi ni kupungukiwa na maji. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameelekeza mtoto anayeharisha apewe ORS, iliyochanganywa kwa kipimo cha maji safi na salama kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto asiachishwe kunyonya wala kunyimwa chakula.

Mgonjwa mwenye choo cha damu, anayeharisha mfululizo kama maji ya mchele, mwenye homa kali, aliyelegea au asiyeweza kunywa, afikishwe kituo cha afya mara moja bila ya kungoja. Antibiotiki zikiandikwa na daktari, zitumiwe kwa kipimo na muda alioagiza, na zisigawiwe jirani.

Wakuu wa ofisi na masheha wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa watumishi na wananchi walio chini yao. Afya ya utumbo huanzia kwenye sahani na kwenye mikono iliyonawa kwa sabuni, kabla ya kufika katika duka la dawa.