Nyuki Hawaumi Sawa, Wala Miili Haipokei Sawa
(Mazungumzo na wafugaji wa nyuki na warina asali wa Kakesio, Ngorongoro)



Katika upande huu wa Ngorongoro, usio mbali na bonde la Ziwa Eyasi, asali inafahamika tangu kale. Wamasai huitengenezea pombe ya sherehe, na jirani zao Wahadzabe humfuata ndege aongozaye watu hadi kwenye makao ya nyuki ndani ya mti. Hatukuja, basi, kuwafundisha asali ni nini. Tumekuja kujibu swali moja: kwa nini nyuki mmoja humuuma mfugaji akavimba hadi jicho likafumba, na mwingine akamuuma mtu yuleyule naye asihisi zaidi ya muwasho?

Tuanze na nyuki mwenyewe. Nyuki dume hana mwiba. Nyuki jike mfanyakazi anao, lakini anapotoka katika sega huwa karibu hana sumu. Sumu huongezeka kadiri anavyokua katika wiki zake za kwanza. Nyuki mchanga aliyebanwa na kidole ndani ya mzinga hawezi kuwa sawa na mlinzi wa mlangoni ambaye mfuko wake wa sumu umejaa.

Jambo la pili ni muda. Mwiba wa nyuki una vijino. Ukishaingia katika ngozi hunasa, na nyuki akiruka huuacha pamoja na mfuko wa sumu. Mfuko huo huendelea kusukuma sumu wenyewe. Sehemu kubwa ya sumu huingia mwilini ndani ya sekunde 20 hivi. Aliyeutoa mwiba mara moja na aliyesubiri hadi ashuke mtini hawakupokea kiasi kimoja. Msipoteze muda kutafuta kisu cha kukwangulia: utoeni kwa kucha, kwa vidole, kwa njia yoyote iliyo karibu. Kinachookoa ni wepesi.

Jambo la tatu ni aina ya nyuki. Nyuki wa nyanda zetu za savana ni wakali kuliko wale weusi wa misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru. Wengi hudhani ukali huo maana yake ni sumu kali. Sivyo. Mwaka 1956 nyuki wa Afrika walipelekwa Brazili, na mwaka uliofuata baadhi ya makundi yakatoroka na kuenea Marekani ya Kusini, yakiacha sifa ya kutisha. Uchunguzi wa sumu yao ulionyesha kwamba nyuki mmojammoja hana sumu ya hatari kuliko ndugu zake wa Ulaya. Hatari yao ni wingi: hushtuka upesi, hutoka wengi, na hufukuza mbali. Nyuki akiuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake mahali palepale. Moshi huifunika harufu hiyo, ndiyo maana mrina asali hapandi bila moshi.

Wapo pia nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi katika mashimo ya miti. Na yupo nyigu, ambaye si nyuki kabisa. Mwiba wake haunasi, kwa hiyo huweza kuuma mara nyingi, na sumu yake ina viini tofauti. Mfugaji aliyezoea nyuki asijivune mbele ya nyigu.

Sasa tuugeukie mwili. Anayeumwa mara kwa mara, mwili wake hujenga kinga inayopunguza uvimbe. Kinga hiyo hupungua asipoumwa kwa muda mrefu, na ndiyo sababu wengi huvimba zaidi mwanzoni mwa msimu wa kurina. Mahali pa kuumwa nako kuna uzito wake: ukope na mdomo huvimba kuliko kiganja kigumu.

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wenu. Neno "nimezoea" limewapa wengi matumaini yasiyo na msingi. Mwili wa mtu mwingine hauzoei, bali hujenga mzio, na mzio huweza kujitokeza baada ya miaka ya kuumwa bila tatizo. Uvimbe wa mahali palipoumwa pekee, hata ukiwa mkubwa, ni jambo moja. Vipele vya mwili mzima, ulimi kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu au kuzimia ni jambo jingine kabisa, na huweza kuua kwa dakika chache. Tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Mlazeni mgonjwa na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua vizuri, mwacheni aketi. Msimtembeze. Anayeumwa na nyuki wengi mno naye apelekwe hospitali hata kama hana mzio, kwa kuwa sumu nyingi huharibu figo na misuli.

Kutoka hapa hadi Endulen au Karatu ni safari. Kwa hiyo maandalizi yatangulie mzinga. Kabla ya kurina, ulizeni katika zahanati kama sindano hiyo ipo. Msiende peke yenu. Aliyewahi kupata dalili tulizozitaja asirudi mzingani kabla ya kumwona daktari, na anayetumia dawa za shinikizo la damu au za moyo amweleze daktari kwamba anafuga nyuki.

Mwisho, tunasema nanyi kama wanunuzi. Mkinunua vazi la kujikinga, lishikeni mkononi kwanza: kagueni zipu, wavu wa uso, na mikono inayobana vizuri. Tundu dogo la wavu linatosha kumwingiza nyuki mmoja usoni. Anayewauzia vidonge vya mzio na kudai vinatosha badala ya sindano, msimwamini. Vidonge hutuliza muwasho na vipele, havifungui koo lililoziba. Anayewatoza fedha ili awaumishe kwa nyuki kwa ahadi ya kuponya kila ugonjwa, mwulizeni: mgonjwa akizimia, utamtibu kwa nini? Asipokuwa na jibu, shikeni fedha zenu.

Asali ni riziki ya halali na heshima ya nyumba. Tungependa kila anayepanda kuifuata ashuke salama, aionje pamoja na watoto wake.