Kutoka Melini Hata Roma kwa Gari la Watu Wote
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu wetu alitutaka tuseme habari za safari yetu ya mwezi wa Mei 2023, tuliposhuka katika meli kubwa ya watalii na kwenda kuuona mji wa Roma, tukarudi siku ile ile. Twaitikia kwa furaha. Walakini hatuna budi kukiri kwanza kwamba hatukusafiri kwa mali yetu. Mshahara wa karani mwaujua. Mdogo wetu, mtoto wa mama yetu, ameajiriwa katika meli hizo kazi ya udobi, kama walivyo vijana wengi wa Mombasa wanaofanya kazi baharini. Alipotimiza muda wake alipewa ruhusa ya kumchukua jamaa mmoja kwa nauli ndogo, akatuchagua sisi. Hivyo katika meli ile tulikuwa ndugu wawili wenye vyeo viwili: sisi tulilala juu pamoja na abiria, naye alilala chini pamoja na wafanyakazi. Jambo hilo mliweke akilini, maana ndilo kiini cha maneno yetu ya leo.

Tulipokuwa shuleni tulisoma jinsi Mtume Paulo alivyoshuka merikebuni huko Puteoli, akaenda Roma kwa nchi kavu. Sisi tulidhani ya kuwa meli ikisemwa kwamba inakwenda Roma, basi itatia nanga Roma. Sivyo. Roma hauko pwani. Meli hizi kubwa hufunga katika bandari ya Civitavecchia, nayo iko mbali na Roma yapata kilomita 70. Bandari hiyo ni ya kale sana. Ilijengwa kwa amri ya Kaisari Trajan mwanzoni mwa karne ya pili. Hata sasa penye maji pamesimama ngome nene iliyoanzwa kujengwa mwaka 1508 zama za Papa Julius II, nayo huitwa kwa jina la Michelangelo.

Ofisi ya meli iliuza nafasi katika mabasi yake ya kwenda Roma, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara kumi ya nauli ya treni. Faida ya mabasi hayo ni moja, na si ndogo: yakichelewa, meli huyangoja. Mtu aendaye kwa njia yake mwenyewe hangojwi. Tulipomwuliza mdogo wetu, alicheka akasema, “Kaka, bei ile si ya dobi wala si ya karani. Twende kwa treni, lakini hesabu ya saa nitaishika mimi.” Tulikubali, ingawa moyoni tulijiambia ya kuwa mkubwa ni sisi, na hesabu ndiyo kazi yetu.

Asubuhi ile basi la bandari, ambalo halikutoza nauli, lilituchukua kutoka ubavuni mwa meli hata langoni. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu kando ya bahari, tukaipita ngome, tukafika stesheni kabla ya nusu saa kwisha. Tiketi ya kwenda Roma katika treni ya kawaida haikufika euro 5. Tuliitia mfukoni tukaelekea kupanda. Mdogo wetu akatushika mkono. Tiketi ya karatasi katika nchi ile haitoshi kununuliwa tu. Sharti itiwe katika mashine ndogo iliyopo stesheni, ipigwe saa na tarehe. Asiyefanya hivyo akikutwa na mkaguzi hutozwa faini, hata kama nauli amelipa. Fikirini, mabwana! Sisi ambao kutwa twapiga mihuri, na kumrudisha mwananchi nyumbani kwa sababu karatasi yake haina muhuri, tulikuwa karibu kupanda treni na karatasi isiyo na muhuri. Alizichukua tiketi zote mbili, akaenda mbio kuzipiga.

Treni ile twaiita gari la moshi kwa mazoea tu, maana haina moshi. Inakwenda kwa umeme. Njia yenyewe ilifunguliwa mwaka 1859, ilipokuwa nchi hiyo bado ikitawaliwa na Papa. Msafiri aendaye Roma na akae upande wa kuume, apate kuiona bahari. Ndani tulikaa pamoja na wanafunzi, mafundi wenye mifuko ya vyombo, na mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa. Hakuna aliyetuuliza cheo. Hiyo ndiyo heshima ya gari la watu wote: anayelipa nauli yake ni abiria, basi.

Kabla ya saa moja kwisha tulishuka stesheni ya San Pietro. Twawashauri wenye saa chache washuke hapo, wasiendelee hata stesheni kuu ya Termini, kwa kuwa kanisa kubwa la Mtakatifu Petro liko karibu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1506, likawekwa wakfu mwaka 1626, yaani miaka 120. Kuingia ni bure, ila askari hukagua mifuko, na mstari ni mrefu. Tena mavazi hutazamwa: mabega na magoti yafunikwe. Tuliwaona watalii waliovaa kaptura wakirudishwa mlangoni, nasi katika koti letu la ofisini tukapita.

Tuliyoyaona ndani hayasimuliki kwa saa moja. Lakini kilichotugusa zaidi kilikuwa nje, katikati ya uwanja. Pamesimama mnara wa jiwe moja, mrefu kupita mita 25, uliotoka Misri, katika bara letu la Afrika. Uliletwa kwa merikebu zama za Kaisari Caligula, katika karne ya kwanza. Merikebu iliyoubeba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Baadaye ilizamishwa makusudi, iwe msingi wa mnara wa taa katika bandari mpya ya Roma. Mwaka 1586 jiwe hilo lilisogezwa hata mahali lilipo leo na fundi Domenico Fontana, kwa nguvu za mamia ya watu na farasi wengi. Basi nalo lilishuka melini likaenda mjini, kama sisi; walakini lenyewe halikupewa saa ya kurudi.

Hapo ndipo ilipotokea tofauti kati yetu. Saa ilikuwa sita kasoro robo mchana. Mama yetu alikuwa amemwomba mdogo wetu picha moja tu: asimame mbele ya Colosseum, kiwanja kile cha mawe kilichozinduliwa mwaka 80, ambacho mama alikiona katika kitabu cha shule cha watoto. Meli yake ilikuwa imekwisha kutia nanga Civitavecchia mara nyingi, lakini kila mara alikuwa zamu, chini kwenye mashine za kufulia. Siku hii ndiyo ya kwanza. Tulimwambia, “Twende. Njia twaijua. Tutapanda treni ya chini ya ardhi pale Ottaviano hata Termini, tubadili hata kituo cha Colosseo. Halafu tutakwenda Piramide, ambapo ni jirani na stesheni ya Ostiense, nayo treni ya Civitavecchia hupita hapo. Tutaikosa treni moja, tutapata ya pili.”

Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandika hesabu usiku, naye ameianza mwisho akirudi mwanzo. Abiria walitakiwa melini saa kumi na mbili jioni. Wafanyakazi, saa kumi. Kutoka stesheni ya Civitavecchia hata ngazi ya meli, pamoja na ukaguzi wa langoni, alihesabu saa moja. Basi lazima kufika saa tisa. Treni, saa moja nyingine, na robo saa ya kuchelewa kwake. Treni ya mwisho iliyomfaa ilikuwa ya saa nane kasoro robo. Lakini aliipiga mstari, akaandika ile iliyoitangulia, ya saa saba na robo. Akasema, “Kaka, ile ya pili si ya kupanda, ni ya kuniokoa ya kwanza ikiharibika. Wewe ni mgeni wa meli, ukichelewa utasikitika. Mimi ni mtu wa meli, nikichelewa nitaandikwa.”

Twasema kweli mbele yenu: tulikasirika. Tuliona ya kuwa kijana anamnyima mama yake picha kwa sababu ya nusu saa. Tulinunua mkate, tukala chini ya zile nguzo kubwa bila maneno mengi, kisha tukarudi stesheni ya San Pietro saa saba kamili.

Katika ubao wa matangazo palikuwa na treni yetu, na mbele yake dakika kumi za kuchelewa. Chini yake ilikuwa ile ya saa nane kasoro robo. Imefutwa. Sababu haikuandikwa. Tulilitazama neno lile, kisha tukamtazama mdogo wetu. Yeye hakusema kitu. Alikuwa anatafuta mashine ya kupiga tiketi.

Treni ilijaa, tukasimama njia nzima, nayo ikasimama tena mahali pasipo stesheni. Hata hivyo alipanda ngazi ya meli dakika 40 kabla ya saa kumi, akabadili nguo akaenda zamu. Wenzake wawili, walioitegemea ile treni iliyofutwa, walifika baada ya saa kumi. Meli ilikuwapo bado, maana ilikuwa ya kung’oa nanga saa moja usiku. Lakini majina yao yaliandikwa, nao waliitwa mbele ya mkubwa wao kesho yake.

Mabwana, kwa mwanachama atakayejaliwa safari kama hii twaacha mashauri matatu. Kwanza, anza hesabu na saa ya kurudi, si saa ya kutoka. Pili, usiihesabu treni ya mwisho kuwa yako. Iache iwe akiba. Tatu, kumbuka kwamba saa zao huhesabiwa hata 24, na saa 14 ya ubaoni ndiyo saa nane yetu ya mchana. Aliyezoea saa yetu aweza kukosea asubuhi na mapema.

Kuna na neno la nne, nalo twalisema juu yetu wenyewe. Sisi hukaa mezani tukadhani ya kuwa ajuaye hesabu ni mwenye kalamu. Siku ile ajuaye hesabu alikuwa dobi, kwa kuwa kosa la hesabu lingemwangukia yeye. Tukutanapo na mtu wa tarishi, au mfagizi, au kijana wa bohari anayeomba ruhusa yake ihesabiwe kwa dakika, tusimcheke.

Tuliporudi Mombasa mama aliuliza picha iko wapi. Mdogo wetu alimwonyesha nyingine, amesimama karibu na lile jiwe la Misri. Mama aliitazama sana, kisha akauliza, “Na kazi yako bado unayo?” Akajibu, “Ninayo, mama.” Akaiweka picha ile kabatini, pamoja na vyeti vyetu.

 Mwenye swali na aulize.