Tangi la Chini, na Umeme Unapokatika

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wetu wa mwaka, Kishapu)



Tumekubaliana kwamba sehemu ya michango yetu ijenge tangi la samaki wa baharini katika maabara ya baiolojia. Nimesikia wengine wakinong'ona: Kishapu hii, ambako mtu na ng'ombe hugombea lambo moja, maji ya chumvi ya nini? Swali hilo ni halali. Jibu langu limo katika chombo ambacho mgeni wa maabara hatakiona, yaani tangi la chini.

Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Bakteria huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Bakteria hao wanahitaji hewa na mahali pa kushika. Basi chini ya meza huwekwa tangi la pili, lenye vyumba vitatu vilivyogawanywa kwa vioo. Maji hushuka kwa bomba la plastiki hadi chumba cha kwanza chenye sponji, huingia cha pili chenye vifuniko vya chupa za plastiki, ambavyo bakteria hushika vizuri, kisha hufika cha tatu, ambako pampu huyarudisha juu. Vioo vinaungwa kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Iacheni ikauke siku mbili, kisha jazeni maji matupu mwone kama panavuja. Shaba isiguse maji popote, maana huua kamba na konokono wa baharini.

Sasa vijana, shikeni kalamu. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 100 na upana wa 40. Kila sentimita moja ya kina ni lita 4. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini maji huendelea kushuka, na bomba la kurudishia hunyonya kinyume, kama mpira wa kutolea petroli kwenye gari. Tukitoboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, hewa huingia na mnyonyo hukatika. Hata hivyo, tuseme zimeshuka sentimita 3. Hizo ni lita 12. Tangi la chini lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35, kwa hiyo kila sentimita yake ni lita 1.8. Maji yatapanda karibu sentimita 7. Tukilijaza hadi sentimita 20 tu, tunabakiwa na 15 za akiba, na sakafu inabaki kavu.

Hatari ya pili ni bomba la kushushia kuziba huku pampu ikifanya kazi. Pampu itanyanyua maji ya chumba chake peke yake. Chumba cha sentimita 15 kwa 30, chenye kina cha 20, kina lita 9, nazo zitapandisha tangi la juu sentimita 2 na robo. Basi juu tuache nafasi ya sentimita 4.

Katika ofisi moja ya pwani nilikofanya kazi, tangi zuri sana lilijazwa chini hadi ukingoni. Umeme ulikatika usiku, na asubuhi majalada yalikuwa yamelowa. Aliyelijenga hakujua hesabu hii ya kidato cha kwanza.

Kuhusu maji, matangi yote mawili yana karibu lita 200, nayo huzunguka yale yale. Kila wiki mbili tutabadilisha ndoo moja ya lita 20. Yanayopungua kwa joto tutayafidia kwa maji baridi, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Chumvi yenyewe ni gramu 35 kwa lita, yaani kilo 7 kwa jumla. Ya Uvinza haitoshi, maana bahari ina pia magnesi na kalisi, hivyo tutanunua ile maalumu. Ni ghali, kwa hiyo muhula wa kwanza tuendeshe kwa maji baridi na perege. Samaki wa baharini watakuja baadaye, kwa kibali, chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Ndugu zangu, sababu ya kuunga mkono tangi hili ndiyo hiyo. Kijana atakayelitunza atajifunza kukadiria ajali kabla haijatokea. Napendekeza kila mwezi mwanafunzi wa zamu azime pampu makusudi, apime kwa rula, na aandike daftarini. Na kwenye kioo cha tangi la chini, katika sentimita ya 20, tuchore mstari mwekundu. Atakuja mtu kusema kuna nafasi tele, ongezeni maji. Mwambieni nafasi ile ina kazi yake.